Mashine ya Zamani Bado Inapokea

Mshangano, Songea
12 Januari 2025

Dada Dorine,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Siku hizi sijui nianze na ipi, maana wewe ni dada yangu na ni mtawa mtarajiwa, kwa hiyo nimeziweka zote mbili uchague. Huku sote wazima. Mvua imeshika kweli, mahindi ya Mama kule kijijini yamefika magotini na anasubiri mbolea kama jirani zake wote. Mke wangu Jane anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na sasa anatuuma bila huruma. Mama alikuja Krismasi, akaondoka kabla hatujashiba naye. Nilimwambia naona amekonda, akanijibu kwamba mimi ndiye niliyenenepa, ndiyo maana naona watu wote wamekonda.

Sasa jambo lenyewe. Najua siku unaingia unovisi ulisema ukikabidhi simu umekabidhi na kompyuta. Lakini ile programu ya vipimo uliiandika wewe. Mimi niliirithi tu, na sasa imenishinda.

Unakumbuka ilivyo. Zahanati ikichukua sampuli ya mgonjwa, programu inaandika ombi la kipimo na kulituma kwenye foleni. Maabara ya hospitali hapa mjini inachota maombi kwenye foleni hiyo, moja baada ya jingine. Sampuli yenyewe inakuja kwa pikipiki, ina namba tu, jina halipo, na karatasi tuliziondoa mwaka juzi. Ombi lisipofika, maabara hawajui wapime nini.

Novemba hospitali ilinunua seva mpya na foleni ikahamia huko. Nilikushukuru kimoyomoyo, kwa sababu anwani ya foleni hukuifunga ndani ya msimbo wa Java, uliiweka nje, kwenye faili la mipangilio pembeni ya programu. Sikugusa msimbo hata mstari mmoja. Nilizunguka zahanati zote, nikafuta anwani ya zamani, nikaandika mpya, nikawasha upya. Zote zinakwenda vizuri isipokuwa moja, na hiyo moja ni ya kijijini kwetu.

Ya kwetu inakwenda siku chache, halafu maombi yanapotea. Hakuna kosa linaloonekana popote. Programu inasema imetuma na imepokelewa, lakini maabara hawaoni kitu. Daktari Rupert wa zahanati hiyo anaapa kwamba anatuma kila siku. Mimi naona hatumi, anajisahau, halafu anasingizia mashine, na bosi wangu Romanus nimemwambia hivyo hivyo. Lakini kabla sijalishikilia sana, niambie, kuna mahali pengine uliificha hiyo anwani?

Mdogo wako,
Calvin


Nyumba ya Unovisi, Njombe
10 Februari 2025

Mpendwa Calvin,

Milele na milele, amina. Na marahaba pia, nisionekane nimekataa heshima. Ila jifunze kuanza na Tumsifu, kwa sababu barua zetu Mama Mlezi, mtawa anayetusimamia sisi wanovisi, anazifungua na kuzisoma kabla yetu. Ukiniandikia mimi umemwandikia na yeye. Lile la kunenepa lilimchekesha, amesema anakuombea.

Huku baridi ni ya kwake. Tunalima viazi, tunasali, tunafua, tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda mwanzoni, wewe unanijua. Mama alikuja tarehe mbili, Siku ya Watawa, siku ambayo tunaruhusiwa wageni. Alileta karanga na dumu la togwa. Tulikaa nyuma ya jiko tukaongea mpaka kengele ya masifu ya jioni. Usiniulize tuliongea nini, yalikuwa ya wanawake na hayakuhusu. Aliondoka na furaha. Ila wewe uende ukamtazame, siyo kumpigia simu tu na kusema umemtazama.

Kuhusu mashine, nimeomba ruhusa ya kukujibu na nimepewa, kwa sharti nisigeuze unovisi kuwa ofisi. Programu ile haisomi anwani mahali pamoja. Ndani yake kuna anwani ya akiba. Ikiwaka, inatazama kama nje kuna faili la mipangilio, na likiwepo, linaishinda ile ya ndani. Kisha inatazama kama kompyuta yenyewe imewekewa anwani kwenye vigezo vya mazingira, yaani mipangilio ya kompyuta nzima, na hivyo vikiwepo vinalishinda hata faili. Kwa hiyo unaweza kuhariri faili mpaka vidole viume, kumbe kuna kitu juu yake kinakupuuza. Anzia hapo.

Halafu hilo la Rupert. Ulimwona kwa macho yako hatumi, au umedhani tu? Mtu huyo amekaa kijiji kile miaka yote wakati wenzake wanakimbilia mjini. Usimpeleke kwa bosi wako kwa dhana.

Kwaresima inaanza tarehe tano Machi. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka hatuandiki barua wala hatupokei. Zinazokuja zinakaa kwenye kabati la Mama Mlezi bila kufunguliwa. Kama una neno, liseme kabla ya hapo.

Dada yako,
Dorine


Mshangano, Songea
25 Februari 2025

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Mama Mlezi kama unasoma. Barua yako ilifika wiki iliyopita, posta walikaa nayo watakavyo, kwa hiyo naandika haraka iwahi Majivu. Jane alikuwa na malaria, amepona. Mtoto hajambo.

Nimekwenda kijijini. Vigezo vya mazingira nimevitazama, havina kitu, ni vitupu kabisa. Faili nimelifungua mbele ya Rupert, anwani ni mpya, haijaguswa. Nikazima programu, nikaiwasha mwenyewe, ombi la majaribio likafika mjini palepale. Nikamwambia Rupert, "Umeona? Mashine nzima." Akasema, "Ukiwepo wewe inakubali, ukiondoka inakataa." Nilikasirika, maana alisema mbele ya wagonjwa na watu wakacheka. Siku mbili baadaye mvua ya radi ikaja, umeme wao wa jua ukazima, ukarudi, na maombi yakapotea tena.

Sasa jambo limekuwa kubwa kuliko mimi. Maabara wamelalamika. Wanapokea sampuli zisizo na ombi, wanaziweka kwenye friji wakisubiri, muda wake ukipita wanazitupa. Nyingi ni za kinamama, kile kipimo chao cha saratani kilicholetwa vijijini kuanzia mwaka mpya. Nilimwuliza Rupert wagonjwa wanaambiwaje. Akasema wanaambiwa kuwa mwenye tatizo ataitwa, na asiyesikia kitu amshukuru Mungu. Kwa hiyo wote wanamshukuru Mungu.

Romanus alitaka maelezo ya maandishi, nimeyaandika. Nimesema mfumo ni mzima na hitilafu ni ya mtumiaji. Ningesema nini, dada? Nimeitazama mashine kila upande. Mama nilimpitia, alikuwa shambani anapalilia. Alisikia habari ya Rupert akanigombeza kweli, akasema niache kumsumbua mtu aliyezalisha nusu ya kijiji.

Nijibu kabla ya Majivu, tafadhali. Kuna mahali pa tatu?

Calvin


Mshangano, Songea
3 Aprili 2025

Dada Dorine,

Najua hii itakwenda kukaa kabatini. Naandika hivyo hivyo, maana nisipoandika nitapasuka.

Salamu ni zilezile. Jane amenuna, anasema nimekuwa mtu wa kufokafoka. Mahindi yanaanza kukauka.

Rupert amesimamishwa kazi. Walitumia maelezo yangu. Zahanati imebaki na muuguzi mmoja kijana. Ndugu zake Rupert walikuwa wananipigia simu kunitukana kutwa, nikachomoa laini, na sasa natumia nyingine ambayo Jane tu anayo na ofisi.

Na wiki iliyofuata nimegundua yanakokwenda maombi. Seva ya zamani haijazimwa, Dada! Nilidhani walishaizima tangu Novemba. Kumbe watu wa stoo ya dawa bado wanaitumia, kwa hiyo imewaka, na foleni yako ya zamani imo ndani yake, hai, inapokea. Ndiyo maana hakukuwa na kosa lolote. Zahanati inatuma, seva ya zamani inaitikia "nimepokea", na upande wa pili hakuna anayechota. Nimeyaona maombi yote yamekaa pale kuanzia Januari. Yana namba tu, majina yako zahanati.

Kwa hiyo Rupert alikuwa anatuma kweli. Nimelijua hilo na bado sijui kwa nini mashine ile inarudi kwenye anwani niliyoifuta kwa mkono wangu. Nilimpelekea Romanus zile namba nikasema wale kinamama waitwe wachukuliwe sampuli upya. Akasema tusubiri uchunguzi uishe, tusizue taharuki wakati hata chanzo hatukijui. Nimenyamaza. Sijui kama ni busara au ni woga, nadhani ni woga.

Mama alikuja mjini kununua viatu, akakaa kwenye kiti akiwa amechoka kabisa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Ningekuwa na kitu ningeshaambiwa." Sikumwelewa, na hakutaka kuendelea.

Kama ungekuwa na simu kama binadamu wengine haya yangekwisha Februari. Nisamehe, lakini sifuti.

Calvin


Nyumba ya Unovisi, Njombe
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Calvin,

Kristo amefufuka. Salamu nyingine utazipata siku nyingine.

Barua zako mbili nimepewa jana baada ya Misa. Ya kwanza ilifika siku ya Majivu yenyewe. Nilizisoma nimesimama, nikazimaliza nimekaa sakafuni. Nimelichukia lile kabati, na nimemwambia Mama Mlezi hivyo kwa mdomo wangu, mnovisi mimi. Hakunikemea.

Alinipa simu yake. Nimepiga namba yako, haipatikani, na sasa najua kwa nini; ya Jane siikumbuki kwa kichwa. Unaogopa matusi ya ndugu wa mtu uliyemsingizia, ukajifungia na sisi wengine nje. Nikampigia Mama. Akaniambia, "Mwanangu, kaa na Mungu wako, mimi sina kitu," akakata. Nilipopiga tena hakupokea. Ndiyo maana barua hii haiji kwa posta. Mama Mlezi ataipeleka mwenyewe stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Songea.

Sikiliza vizuri. Mama alinikataza kukuambia jambo, na kwa nini alinikataza unajua, hakuna mama wa kwetu anayeliongea hilo na mtoto wa kiume. Sitakuambia alichoniambia. Nakuambia kile ambacho hakunikataza. Siku alipokuja hapa alikuwa na furaha kwa sababu Januari alikwenda zahanati, na mpaka siku ile alikuwa hajasikia kitu. Mpaka leo hajasikia kitu. Malizia mwenyewe.

Nenda leo. Usingoje Romanus amalize uchunguzi wake. Mchukue Jane, azungumze naye yeye, wewe ukae nje. Hospitali, siyo zahanati.

Ukishamfikisha hospitali, sasa shika hili la mashine. Uliandika kwamba ukiwasha wewe inakubali, na umeme ukizima ikawashwa na Rupert inakataa. Rupert alikuambia hivyo hivyo kwa mdomo wake na ukakasirika kwa sababu watu walicheka. Programu inatafuta faili la mipangilio kwenye folda ile inayowashiwa. Haitafuti kompyuta nzima. Ukiiwasha ukiwa folda nyingine, inasoma faili lililoko huko, na lile ulilohariri hailioni kabisa. Zahanati nyingine umeme haukatiki, programu haizimwi, kwa hiyo kosa halionekani. Usimwulize mtu anawashaje programu. Mwambie awashe kama anavyowasha siku zote, halafu tazama mkono wake unakwenda wapi.

Naogopa, Calvin. Sikuwahi kuogopa hivi.

Dorine


Mshangano, Songea
4 Mei 2025

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kondakta alinifuata hadi ofisini Jumanne mchana. Nilisoma mlangoni. Nilimpigia Jane, akamwacha mtoto kwa jirani, tukapanda pikipiki mbili.

Mama tulimkuta uani anapepeta maharage. Ulisema nikae nje, nami nilikaa. Jane alijaribu, Mama akamzungusha na habari za mtoto na meno yake. Nikaona jua linakwenda. Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya ule ungo.

"Mama, sampuli yako haikupimwa."

Akaendelea kupepeta. "Sampuli gani?"

"Ya Januari."

"Nani amekuambia?"

"Mashine ndiyo imeniambia. Ombi lako lilikwenda kusiko, na maabara walitupa sampuli."

"Daktari Rupert alisema nisiposikia kitu nishukuru. Nimeshukuru mpaka nimetoa sadaka."

"Hukusikia kitu kwa sababu hakuna aliyepima, Mama."

Akauweka ungo chini. Hakunitazama. Aliuliza, "Mashine ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Wao walisema ni Rupert." Nikasema, ni mimi niliyesema ni Rupert. Akaniambia, "Umemfukuzisha mtu kazi, na mimi umeniacha nikishukuru." Akaingia ndani kubadilisha kanga. Alipotoka alimshika Jane mkono, mimi akanipita. Alilala kwetu siku ile, na asubuhi Jane alimpeleka hospitali. Wamechukua vipimo, vingine vinapelekwa mbali, tumeambiwa tusubiri.

Kuhusu chanzo, ulikuwa sahihi. Nilirudi zahanati keshoyake, nikamwambia yule muuguzi kijana awashe programu kama anavyowasha siku zote. Hakwenda kwenye folda yangu. Alibofya kipicha pale kwenye skrini, kinachofungua folda ya mafunzo. Ndani yake kuna nakala ya programu nzima na nakala ya faili la mipangilio la mwaka jana, yenye anwani ya zamani. Ile nakala niliitengeneza mimi siku ya mafunzo. Nilimwambia Rupert mbele ya watu wote, "Hii ndiyo yako ya kugusa. Ile nyingine ni ya fundi, usiiguse hata siku moja." Alinitii, Dada. Kila umeme ulipozima alinitii.

Nimeifuta. Nimelihamishia faili mahali pamoja tu na kuiamuru programu isome hapo, iwashiwe popote. Zile namba nilimpa muuguzi bila kumwuliza Romanus, akazitafutia majina kwenye kompyuta yake, na leo baada ya Misa katekista ametangaza kwamba kinamama wote waliopimwa tangu mwaka mpya warudi wachukuliwe sampuli upya, wote, hata walioshukuru. Walisimama pale nje wakaniangalia. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, aliuliza kwa nini sasa. Romanus ameshapata habari. Nimeambiwa nisiende ofisini mpaka niitwe.

Kwa Rupert nilikwenda, amehamia kwa kaka yake huku mjini, mtaa wa Lizaboni. Alinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha. Nilipomaliza akasema, "Hayo yaandike, uyapeleke kulekule ulikopeleka yale ya kwanza." Nimeyaandika na nimeyapeleka.

Mama bado hazungumzi nami vizuri. Anakula, anasali, anamchezea mtoto. Laini yangu ya zamani nimeirudisha, namba ni ileile.

Calvin


Nyumba ya Unovisi, Njombe
18 Mei 2025

Calvin,

Marahaba, Milele, na yote. Umefanya ulichopaswa kufanya, umechelewa, na umefanya. Nakupenda. Haya, tuyaache hapo.

Hukusema majibu yanatoka lini. Niliomba simu tena, Mama Mlezi akasema mara moja ilikuwa kwa dharura na sasa tusubiri kama wengine wanavyosubiri. Amesema kwa upole, nikaenda kulia kwenye shamba la viazi.

Hapa tumeanza kushonewa mavazi ya nadhiri. Siku ni tarehe kumi na tano Agosti. Fundi alinipima mabega, akaniuliza mbona sijachangamka kama wenzangu. Nilimjibu kwamba nimechoka na jembe.

Usinifiche kitu. Mama atakuambia unifiche. Namjua.

Dorine


Mshangano, Songea
10 Juni 2025

Dada Dorine,

Tumsifu Yesu Kristo. Jane na mtoto hawajambo. Mahindi ya Mama nimevuna mimi na vijana wawili wa kijijini, nimeyaleta mjini. Kinamama wengi wamerudi kupimwa, na wawili wameambiwa waanze matibabu, mapema, watapona. Rupert amerudishwa kazini wiki iliyopita. Mimi sijaitwa, na nadhani sitaitwa.

Mama ameniita jana jioni akanipa maneno ya kukuandikia. Alitaka nikuambie kwamba ni vidonda vya tumbo, amepewa dawa, anaendelea vizuri, usimame imara uweke nadhiri zako. Alinitaka niape mbele ya Jane. Nikaapa. Asubuhi nimekaa kuiandika hiyo barua, nimefika kwenye vidonda vya tumbo, nikaichana. Siwezi tena kumpa mtu ukimya akaushukuru.

Mama ana saratani, Dada. Ya shingo ya kizazi. Imetoka pale ilipoanzia, lakini haijafika mbali. Daktari anasema inatibika, ila upasuaji peke yake hautoshi sasa, anahitaji mionzi, na mionzi ni Dar es Salaam, wiki nyingi. Nilimfuata nje nikamwuliza kama ingegundulika Februari ingekuwa tofauti. Alinitazama, akaniambia tuangalie mbele. Nimeelewa.

Tunaondoka Songea Jumatatu tarehe 23. Jane ana mtoto, hawezi kukaa Dar, kwa hiyo ni mimi na Mama. Nitamsindikiza, nitambebea mabegi, nitapanga foleni za kadi. Lakini kuna mambo ya kumwuguza ambayo hatakubali niyafanye, atakaa na maumivu kimya kuliko kuniambia. Jana tu alitaka kwenda bafuni kwa shida, akaniambia nitoke nikanunue chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Sikuombi uje. Najua Agosti ni nini kwako, umeingoja miaka mitatu. Nimekuambia tu ujue. Mama akijua nimekuambia hatanisamehe, na bado hajanisamehe la kwanza.

Mdogo wako,
Calvin


Nyumba ya Unovisi, Njombe
18 Juni 2025

Mdogo wangu Calvin,

Tumsifu Yesu Kristo. Hii nayo inakuja kwa basi.

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso. Asante kwa kuichana ile nyingine.

Nilikwenda kwa Mama Mlezi na barua yako, nikamkuta ameshaisoma na macho yake mekundu. Akanieleza sheria, kwa sababu ni wajibu wake kunieleza. Mnovisi akikaa nje ya nyumba zaidi ya siku kumi na tano, siku hizo lazima azirudishe. Akizidi sana, unovisi wenyewe unavunjika na anaanza upya. Vyovyote vile, Agosti wenzangu wataweka nadhiri bila mimi. Ile nguo iliyoshonwa atapewa mwingine, tunalingana mabega.

Nikamwuliza mionzi ni muda gani. Yeye alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mlezi. Alisimama, akaenda stoo, akarudi na begi langu lile nililoingia nalo, na simu yangu ndani yake, akasema betri itakuwa imekufa.

Sijui kama nitarudi, Calvin. Natamani kurudi, nakuambia wazi, sikuja huku kwa kukimbia kitu. Lakini sitasimama altareni nikimwahidi Mungu maisha yangu yote wakati mama yangu anamtuma mwanawe chumvi ili aweze kuugulia peke yake.

Nafika Songea Jumamosi. Nisubiri stendi, uje peke yako. Mama usimwambie. Akijua atapiga simu hapa, ataniamuru nibaki, na mimi tangu utoto sijawahi kumkatalia mama yangu kitu. Mwache akasirike nikiwa nimeshaingia ndani na mkono wake nimeshaushika.

Dorine